Kilimo Bila Udongo: Ndoo Moja Yatosha kwa Kuanzia

Mkazi asiye na shamba, au ambaye udongo wa uani kwake umechoka, bado anaweza kuotesha mboga kwa kilimo cha haidroponiki, yaani kuotesha mimea katika maji yenye virutubisho. Udongo huushikilia mmea, huulisha na huipatia mizizi hewa. Unapoondolewa, kazi hizo zote humwangukia mkulima.

Kosa linalowagharimu wanaoanza ni kuyeyusha Urea au samadi katika maji. Shambani, bakteria wa udongo huibadili mbolea hiyo kwanza ndipo mmea uitumie vizuri. Ndani ya ndoo bakteria hao ni haba. Samadi huoza, maji hunuka na mizizi hufa. Inayohitajika ni mbolea maalumu ya haidroponiki, yenye naitrojeni ya aina ya naitreti pamoja na madini mengine yote ambayo mmea ungeyapata ardhini. Hupimwa kama kibandiko chake kinavyoelekeza, wala haikadiriwi kwa macho.

Njia nyepesi isiyohitaji umeme ilienezwa na mtaalamu B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mfuniko wa ndoo hutobolewa, na kikopo chenye matundu na mche wa saladi hupachikwa humo, kitako chake kikigusa maji. Kadiri mmea unavyokunywa, maji hupungua na mizizi ya juu hubaki ikivuta hewa. Kwa hiyo ndoo haijazwi tena hadi juu, kwani mizizi iliyokwisha kuzoea hewa itakosa pumzi.

Ndoo isipenyeze mwanga, maana mwanga huotesha mwani. Mfuniko nao usiache upenyo, kwa sababu maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu. Baada ya mavuno, maji yaliyobaki humwagiliwa miti au maua. Yasimwagwe karibu na kisima.

Mifumo ya mabomba na pampu huzalisha zaidi, lakini umeme ukikatika kwa saa kadhaa mizizi yaweza kukauka. Ni busara mkazi avune kwanza kutoka ndoo moja, ajue gharama ya mbolea na bei ya mboga sokoni, kabla ya kuwekeza akiba yake au kuchukua mkopo.

Wakazi wanaohitaji ushauri wanahimizwa kumwona Afisa Ugani wa kata yao.