Miwani ya Shilingi Milioni Nane

Jumapili moja baada ya ibada, sisi akina mama wa hapa Binza tulikuwa tumeketi chini ya mti tukisubiri kikao cha VICOBA kianze. Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Mwanza akatoa simu yake ya kupapasa na kutuonyesha sinema fupi. Ndani yake tuliona mtu aliyejifunika macho kwa kitu kikubwa cheusi, mfano wa miwani wanayovaa wachomeleaji wa vyuma. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nyumbani, akitabasamu peke yake na kufinyafinya vidole hewani kama mtu anayeokota punje za mtama.

Tulicheka sana. Kisha mmoja wetu akauliza bei yake. Kijana alipoitaja, kicheko kikakoma na mazungumzo yakaanza. Siku hiyo kikao cha VICOBA kilichelewa. Tumeona si vibaya kuwashirikisha wasomaji yale tuliyozungumza, maana jambo lenyewe linagusa familia, ingawa kifaa hicho hakiuzwi katika duka lolote la Bariadi mjini.

Ni kifaa gani hiki?

Kinaitwa Apple Vision Pro. Kilitangazwa tarehe 5 Juni 2023 huko California, Marekani, na kampuni ya Apple inayotengeneza simu za iPhone. Kilianza kuuzwa Marekani tarehe 2 Februari 2024, kwa bei ya kuanzia dola 3,499.

Wataalamu huita teknolojia hii uhalisia mseto, yaani mambo halisi yanayochanganywa na picha za kompyuta. Ukivaa kifaa hicho unaendelea kuona chumba chako, meza yako na watu walio mbele yako. Lakini juu ya hayo unaona pia picha, barua, sinema au ramani zikielea hewani, kana kwamba mtu amezitundika pale. Huhitaji kubonyeza kitu. Unatazama unachokitaka, unagusanisha kidole gumba na cha shahada, nacho kinafunguka.

Lakini ni vizuri kuelewa jambo moja. Kifaa hiki hakina kioo kinachopitisha mwanga kama miwani ya kawaida. Macho yamefunikwa kabisa. Kamera zilizo nje hupiga picha ya kila kilicho mbele yako na kuileta kwenye vioo viwili vidogo vya televisheni, kimoja kwa kila jicho. Kwa hiyo aliyekivaa hamwoni mtoto wake moja kwa moja, bali anaona picha ya mtoto wake.

Wanunuzi walisema nini?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kifaa hiki nacho kilipotangazwa, wengi walikisifu kabla hata ya kukigusa. Walioanza kukinunua mwaka 2024 walikubali kwamba picha zake ni safi mno, na kwamba kutazama sinema ndani yake ni kama kukaa katika jumba kubwa la sinema ukiwa peke yako.

Hata hivyo malalamiko hayakukosekana. Kifaa kina uzito wa zaidi ya gramu 600, na wengi walisema kinabana paji la uso na kuchosha shingo. Betri yake hukaa nje, imeunganishwa kwa waya na kuwekwa mfukoni, nayo ilidumu takribani saa mbili tu. Anayevaa miwani ya macho alilazimika kununua lenzi za ziada. Programu zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa chache. Katika majuma ya kwanza baadhi ya wanunuzi walikirudisha dukani ndani ya zile siku 14 ambazo kampuni inaruhusu, ili warudishiwe fedha zao.

Mwezi Oktoba 2025 kampuni ilitoa toleo lenye nguvu zaidi, lenye mkanda ulioboreshwa na betri inayodumu kidogo zaidi. Bei haikushuka. Kampuni yenyewe inaonya kwamba kifaa hiki si cha mtoto aliye chini ya miaka 13.

Hesabu yetu ya pamba

Kifaa hicho kilitangazwa wakati ambapo sisi Simiyu tuko katika msimu wa kuuza pamba. Basi mhasibu wa kikundi chetu alichukua kalamu akapiga hesabu kwa lugha tunayoielewa. Dola 3,499 wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 8. Bei elekezi ya pamba msimu wa 2023 ilikuwa shilingi 1,060 kwa kilo. Hivyo ili mkulima anunue kifaa kimoja, angelazimika kupeleka karibu kilo 7,800 za pamba kwenye chama cha msingi. Akivuna kilo 300 katika kila ekari, hizo ni ekari 26, na hapo hatujatoa gharama za mbegu, dawa, palizi wala vibarua wa kuchuma. Hatujanunua hata chumvi.

Mmoja wetu alisema tuachane na habari za matajiri. Lakini binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne alimpinga kwa heshima. Alitukumbusha kwamba miaka ya 1990 simu ya mkononi nayo ilikuwa kitu cha matajiri wa Dar es Salaam. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na leo mama anayeuza dagaa mnadani anapokea fedha kwa kitochi chake. Alisema tusicheke tu kila kitu kipya, maana tutajikuta tumeachwa nyuma.

Tulikubali kwamba binti huyo ana hoja. Hata hivyo si kila kitu kipya hufika mbali. Kampuni ya Google ilitoa miwani yake mwaka 2013 kwa dola 1,500, na mwaka 2015 ikaacha kuiuza kwa watu binafsi. Microsoft ilitoa kifaa chake cha HoloLens mwaka 2016 kwa dola 3,000, na mwaka 2024 ikasimamisha utengenezaji wake. Anayesubiri kidogo hakosi busara.

Baba aliyefunikwa macho

Lakini jambo lililotugusa zaidi halikuwa bei. Katika picha ambazo kampuni ilionyesha siku ya tangazo, kulikuwa na baba aliyekivaa kifaa hicho usoni ili apige picha za watoto wake nyumbani. Nia ilikuwa kuonyesha kwamba baadaye ataweza kuzitazama tena kana kwamba watoto wako mbele yake. Watu wengi duniani waliona uchungu katika picha ile. Watoto wanafurahi, na baba yupo palepale, lakini uso wake umefungwa.

Ni kweli, watengenezaji walilifikiria tatizo hilo. Upande wa nje wa kifaa waliweka kioo kinachoonyesha picha ya macho ya aliyekivaa, ili walio karibu wajue kwamba anawatazama. Waliokijaribu walisema picha hiyo ni hafifu na haionekani vizuri. Bibi mmoja katika kundi letu aliposikia hayo alitikisa kichwa. Aliuliza: sasa mtoto akimtazama mama yake anaona picha ya macho, na mama naye anaona picha ya mtoto, ni nani hapo aliyemwona mwenzake? Hatukuwa na jibu.

Mwaka huohuo wa 2023 kampuni iliwezesha baadhi ya simu zake mpya kupiga picha za namna hiyo, bila mzazi kufunika macho yake. Hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini ndugu msomaji, tusimnyooshee kidole baba wa California. Hata sisi tusio na miwani hiyo tunajua kujifunika macho. Ni mara ngapi mtoto huja na daftari lake kutuonyesha alama alizopata, nasi tunamjibu "mmh" huku macho yako kwenye simu? Ni mara ngapi baba anarudi kutoka shamba, chakula kinawekwa mezani, na kila mmoja anashika ya kwake? Mama mmoja alikiri mbele yetu kwamba mwanawe wa miaka minne alimshika kidevu kwa mikono miwili, akamgeuza uso, ndipo akaanza kuzungumza. Tulinyamaza sote, maana wengi tulijitambua katika habari hiyo.

Biblia inatueleza habari za Hagari katika Mwanzo 16. Mjakazi huyu alikimbilia jangwani akiwa mjamzito, hana mtu wa kumsaidia. Faraja yake kubwa ilikuwa kutambua kwamba yuko Mungu anayemwona, naye akamwita Mungu kwa jina hilo. Binadamu ana njaa ya kuonwa. Mtoto anaijua njaa hiyo kabla hajajua kusema. Mzazi anaposhusha alichoshika na kumtazama mwanawe usoni, anampa kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Faida zake tusizifiche

Haitakuwa haki kusema kifaa hiki hakina faida. Mwaka 2024, katika hospitali ya Cromwell huko London, muuguzi wa chumba cha upasuaji alikitumia wakati wa upasuaji wa uti wa mgongo. Kilimsaidia kufuata hatua za kazi na kuchagua vifaa vinavyotakiwa bila kugusa kitabu wala kompyuta, hivyo mikono yake ikabaki safi. Fikiri jinsi msaada wa namna hiyo ungekuwa na thamani, siku bei itakapokuwa ya kawaida, kwa mkunga aliye peke yake usiku katika zahanati ya kijijini.

Miwani tunayoihitaji leo

Mazungumzo yetu yalipofika hapo, mama mmoja fundi cherehani aliuliza swali lililogeuza kikao. Alisema, tumekaa saa nzima tukizungumzia miwani ya milioni 8, na mimi sindano yangu anatungiwa uzi na mjukuu. Akirudi shuleni, kazi inalala.

Tuliangaliana. Katika kundi letu, karibu kila aliyepita umri wa miaka 40 alikuwa na habari ya namna hiyo. Mmoja ameacha kusoma Neno katika jumuiya, akisema amechoka, kumbe herufi hazionekani. Mwingine hupepeta mchele na mawe yakabaki. Mwingine huweka dole gumba katika daftari la mikopo bila kusoma kilichoandikwa, naye ni msomi wa darasa la saba.

Hali hii si ugonjwa wa kutisha wala si kulogwa. Kadiri tunavyozeeka, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vitu vya karibu. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya California. Huko Bangladesh watafiti waliwapa watu wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65 miwani ya namna hiyo, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Walikuwemo mafundi cherehani, wafumaji na wapepetaji wa nafaka. Baada ya miezi 8, kipato cha waliopewa kilikuwa kimezidi cha wenzao kwa asilimia 33. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2024.

Tunashauri kwanza kupima macho hospitalini kabla ya kununua miwani barabarani, kwa sababu kuna magonjwa kama mtoto wa jicho na presha ya macho ambayo hayatibiwi kwa miwani ya kusomea. Presha ya macho hasa huja kimyakimya, na uoni ukishapotea haurudi.

Kabla ya kununua

Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Iwe ni miwani ya ajabu, simu mpya au televisheni, tuliona inafaa familia ijiulize pamoja, mume na mke:

Je, kitu hiki kitatusaidia kuonana zaidi au kitatutenga?

Je, tunakihitaji, au tunaogopa kuonekana tumepitwa na wakati?

Je, kuna mtu nyumbani mwenye hitaji dogo ambalo tumelipuuza huku tukiwaza kikubwa?

Kikao chetu cha VICOBA kilipoanza hatimaye, jambo la kwanza kuandikwa lilikuwa mfuko wa macho. Kila mwanachama atachangia kidogo kila mwezi, na baada ya mauzo ya pamba tutakwenda Bariadi pamoja kupima. Fundi wetu wa cherehani ndiye wa kwanza katika orodha.

Na jioni ile, tulipoagana, kila mmoja aliahidi jambo moja lisilo na gharama: mtoto akija kuzungumza, simu inawekwa chini na uso unainuliwa. Jaribu nawe, mpenzi msomaji, hata leo jioni.