Kukua, Kustawi, Kuendelea: Maneno Yanayowaponza Watahiniwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na sentensi niliyoikuta nikisahihisha kazi ya fasihi ya Kidato cha Tatu: "Mhusika mkuu anaendelea sana katika riwaya hii." Niliipigia mstari mwekundu. Mwenye karatasi alipokuja kuniuliza kosa lake, nilimwambia aandike "anakua". Akanijibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, kwetu chai ikikua ni kwamba imeachwa bila kuchumwa." Mtoto huyu wa mkulima alistahili maelezo bora kuliko mstari wangu mwekundu. Makala haya ni jaribio la kuyatoa.

Tatizo lenyewe ni hili: aghalabu mwanafunzi huwaza neno la Kiingereza "development", kisha akatafuta neno moja la Kiswahili la kuliziba pengo. Neno hilo moja halipo. Yapo kadhaa, na kila moja lina picha yake.

1. Asili ya neno la Kiingereza
Kitenzi kilichozaa neno hili kilitoka Kifaransa na kuingia katika Kiingereza katika karne ya 17. Maana yake ya awali ni kukunjua, yaani kufungua kitu kilichofungwa au kuviringwa. Picha hapa ni ya kitu kilichokuwamo tayari, kikafunuliwa. Ndiyo sababu Waingereza hulitumia hata kwa picha za kamera ya filamu, ambazo sisi tunasema "zinasafishwa", na kwa homa, ambayo kwetu "humshika" mtu. Anayetafsiri neno kwa neno atasema mgonjwa "ameendeleza homa", na wasikilizaji watacheka.

2. Kukua
Hili ni neno la Kibantu. Waganda husema "kukula" na Wakikuyu "gũkũra". Katika Kiswahili sauti /l/ imedondoka kati ya irabu mbili, lakini haikupotea kabisa. Inyambue katika kauli ya kutendea, nayo hurudi: kua - kulia, kama ilivyo nunua - nunulia na vaa - valia. Kwa hivyo twasema, "Nilikulia Sotik." Katika kauli ya kutendesha /l/ hiyo hugeuka /z/: kua - kuza, sawa na lala - laza. Wanafunzi wetu wa Kericho na Bomet, ambao wengi wao huzungumza Kipsigis nyumbani, hawana ndugu wa neno hili katika lugha yao ya kwanza, kwani Kipsigis si lugha ya Kibantu. Mwalimu asidhani watalihisi bila kufunzwa.

Katika ukoo huu wamo pia "mkuu", "ukuu" na "kuukuu". Mwalimu mkuu na koti kuukuu ni ndugu! Kukua, basi, ni kuongezeka kwa umri, kimo au kiasi. Hakutuambii kama matokeo ni heshima au uchakavu.

3. Kustawi
Neno hili limetokana na Kiarabu "istawa", lenye maana ya kuwa sawa, kunyooka, na pia kuiva. Lina mzizi mmoja na neno letu "sawa". Mkulima wa chai hahitaji kamusi kuelewa uhusiano huo. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu usioweza kuchumwa. Ndiyo maana hupogolewa kila baada ya miaka michache na kuchumwa mara kwa mara, majani mawili na chipukizi, hadi shamba zima likawa sawa juu kama meza. Umezuiwa kukua ili ustawi.

Tazama pia shirika la wakulima wadogo wa chai, KTDA, lililoundwa mwaka wa 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka wa 2000. Herufi D katika jina hilo inasimamia neno lile lile la Kiingereza. Magazeti yetu ya Kiswahili huliita Halmashauri ya Ustawi wa Majani Chai. Hayakusema "ukuaji", wala hayakusema "maendeleo". Mwanafunzi wangu angekubaliana nayo.

4. Kuendelea na maendeleo
Mzizi ni "enda": enda - endea - endelea - maendeleo. Hapa picha ni ya safari. Tangu enzi za Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoundwa nchini mwaka wa 1952, nomino "maendeleo" imezoeleka kwa maana ya hali kuwa bora. Hata hivyo, kitenzi "endelea" mara nyingi hakibebi sifa hiyo. Vita huendelea, na ugonjwa pia. "Mhusika anaendelea sana" ni sentensi inayomwacha msahihishaji akiuliza: anaendelea kufanya nini?

5. Matumizi katika uhakiki
Katika karatasi ya fasihi, 102/3, tofauti hizi huamua alama. Zingatia mambo matatu.

(a) "Kukua" na "kukuza". Ukiulizwa jinsi mwandishi "alivyokuza maudhui", mtenda ni mwandishi. Eleza kazi yake: matukio aliyoyateua, wahusika aliowakinzanisha, mbinu alizotumia. Anayesimulia hadithi tu hajajibu swali.

(b) Kukua si kukomaa. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anakua kiumri ndani ya nyumba ya babake, Maksuudi, huku akifungiwa asiujue ulimwengu. Akitoroka, mji unamfunza kwa machungu. Mtahiniwa aandike umri uliongezeka wapi na akili ilipevuka wapi. Ni mambo mawili.

(c) Taja pa kutoka na pa kufika. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Kongowea anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Hapa picha ya "kuendelea" inafaa: kila hatua ya njia inamwongezea ujuzi. Lakini usiseme tu kwamba amebadilika. Onyesha alivyokuwa, tukio lililomgeuza, na alivyo baadaye. Bila hatua hizo tatu, dai lako halina ushahidi.

Yule mwanafunzi niliirejesha karatasi yake juma lililofuata. Tuliandika pamoja: "Mhusika mkuu anakomaa kutokana na masaibu anayoyapitia." Alama yake niliibadilisha. Tangu siku hiyo, kabla ya kupiga mstari mwekundu, mimi huuliza kwanza: neno hili mtoto amelitoa wapi?

Zoezi
1. Nyambua katika kauli ya kutendea na ya kutendesha: kua, jaa, pungua.
2. Tofautisha kwa sentensi: kukua, kumea, kustawi, kukomaa.
3. "Si kila anayekua hukomaa." Jadili ukirejelea mhusika mmoja wa riwaya unayoisoma.