Mawe, Samaki na Vyakula vya Mwambao wa Mwanza

Mwalimu apelekwaye kufundisha kandokando ya Ziwa Victoria hufika na Kiswahili cha vitabu, akadhani kimemtosha. Siku ya kwanza aendapo sokoni husikia maneno ambayo hakufundishwa: furu, mwalo, mapanki, udaga, matobolwa. Baadhi yametoka katika lugha za wenyeji, na baadhi yamezaliwa na biashara ya siku hizi. Katika makala haya tutayatazama kwa taratibu: kwanza majina ya mahali, kisha ya samaki, kisha ya vyakula vya shambani. Kusudi letu ni kuonyesha jambo moja, kwamba jina la mahali hudumu kwa kuwa jiwe halihami, bali jina la chakula hudumu maadamu kuna mtu akipikaye na kukitaja mbele ya watoto.

1. Majina ya mahali

Tuanze na ziwa lenyewe. Katika lugha nyingi za pande hizi neno nyanza maana yake ni ziwa, au maji mengi. Hivyo asemaye "Ziwa Nyanza" ametaja ziwa mara mbili. John Hanning Speke alipolifikia mwaka 1858 alilipa jina la malkia wa Uingereza, na jina hilo ndilo lililoshika. Wenyeji wengi husema ya kuwa hata jina la Mwanza limetokana na neno lilo hilo la nyanza.

Jina la Wasukuma nalo ni la upande wa nchi. Sukuma ni kaskazini, kama vile dakama ilivyo kusini. Basi Msukuma ni mtu wa kaskazini, na ndivyo walivyomwita jirani zake Wanyamwezi, wakaao kusini mwake.

Mgeni afikaye mjini huona kwanza mawe makubwa ya kijivu, yamepandana moja juu ya jingine kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono. Lijulikanalo kupita yote limesimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, nalo laitwa Jiwe la Bismarck, kwa jina la waziri mkuu wa Wajerumani. Si mbali na hapo ni rasi iitwayo Capri Point, yenye jina la kisiwa cha kusini mwa Italia. Kisiwa cha Saanane, kilicho mbele ya mji, kimebaki na jina la mwenyeji, na tangu mwaka 2013 kimehesabiwa kuwa hifadhi ya taifa.

Mashariki ya mji, ufukoni, ni Kageye. Hapo Stanley alifika mwaka 1875 na mashua yake, Lady Alice, iliyochukuliwa mabegani vipande vipande kutoka pwani. Akaiunganisha, akalizunguka ziwa lote. Kusini ya mji ni Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walianza misheni mwaka 1883. Majina haya yote, ya wenyeji na ya wageni, mwanafunzi aweza kuyaona siku yoyote, kwa maana mahali penyewe papo.

2. Majina ya samaki

Mambo ya samaki si hivyo. Mahali mashua zitiapo nanga na samaki kushushwa huitwa mwalo, na wingi wake ni mialo. Hapo hapo kale waliletwa sato, kambare, kamongo, ningu, gogogo, na furu kwa wingi sana.

Furu ni samaki wadogo wenye mifupa mingi, chakula cha mtu asiye na fedha. Wavuvi waliwaita kwa jina hilo moja, lakini wataalamu walipowachunguza waliona ya kuwa katika ziwa lote aina zao zapita 500. Tena kila aina ilikuwa na riziki yake: huyu alikwangua ukoga mawemawe, huyu alivunja konokono kwa meno ya kooni, na yule alikula watoto wa furu wenziwe.

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani upande wa Uganda. Samaki huyu ni mkubwa, naye hula samaki wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alienea katika Ghuba ya Mwanza, na katika miaka michache furu wakapungua mno. Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao katika ghuba hiyo tangu miaka ya 1970, nao waliyashuhudia mabadiliko hayo. Kisha baadhi ya furu wamerudi, lakini aina nyingi hazikuonekana tena. Leo neno furu lingaliko, ila kijana alisikiapo hafahamu wingi wote uliokuwa ndani yake.

Sangara naye ameleta maneno yake. Jina lake limehamia huku kutoka Ziwa Tanganyika, ambako sangala ni samaki wa jamaa yake. Mvuvi wa upande wa Kenya humwita mbuta, na wa Uganda humwita mputa. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vimekuwa vikimchuna na kupeleka minofu Ulaya. Kichwa na mifupa ibakiayo huitwa mapanki, nayo hukaangwa na kuuzwa kwa watu wa hapa. Bondo, yaani kifuko cha hewa kilicho tumboni mwake, huuzwa kwa bei kubwa, na mabondo hayo husafirishwa hadi China. Mwalimu wa jiografia aweza kufundisha biashara ya ziwa kwa maneno matatu tu: minofu yaenda Ulaya, mabondo yaenda China, mapanki yabaki kikaangoni mwetu.

Dagaa ndiye aliyebaki kuwa samaki wa kila nyumba. Huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika na kutengeneza nyavu. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa huhesabu mwezi wake kwa giza. Kisha dagaa huanikwa. Walioanikwa juu ya chanja hupata bei kuliko walioanikwa mchangani, kwa kuwa mpishi hataki kutafuna mchanga. Mkenya humwita omena, na Mganda humwita mukene.

3. Majina ya vyakula vya shambani

Samaki pekee hawashibishi. Ugali wa mwambao huu ni wa mahindi, wa mtama au wa muhogo. Muhogo huo huvundikwa kwanza, ukaanikwa hata ukawa udaga, ndipo husagwa. Lakini hekima ya Wasukuma yaonekana zaidi katika viazi vitamu, ambavyo vibichi havikai, hali kiangazi ni kirefu. Basi huvitengeneza kwa namna mbili. Vikikatwa vibichi na kuanikwa, huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Vyote viwili hukaa miezi mingi. Majani ya kunde nayo hukaushwa, yakaitwa nsansa, yakawa mboga wakati ambapo hakuna jani bichi.

Mtu akiandika "viazi vikavu" kwa michembe na matobolwa pia, hajadanganya; lakini amekipoteza chungu, moto na kazi ya mikono inayotenga kimoja na kingine. Mtoto asomaye neno lake hatajua kukitengeneza hata kimoja.

Kazi ya shamba ilikuwa na ngoma zake. Katika bugobogobo wachezaji hushika majembe, wakayarusha na kuyadaka kwa kufuata mapigo. Baada ya mavuno vyama viwili vya kale, Bagika na Bagalu, hushindana kwa kucheza, na chama kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, alikusanya ngoma za watemi na vyombo vya nyumbani, na nyumba ya makumbusho aliyoianzisha ingaliko.

4. Kazi ya mwalimu

Chombo chaweza kuwekwa katika makumbusho, bali neno lahitaji kuandikwa pamoja na maana yake. Mfano wetu ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na mapadre. Alipoona ya kuwa vijana wanasahau desturi za wazee wao, aliandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na mkewe Bugonoka, akaeleza humo kilimo, uvuvi, mapishi, dawa na adabu za ukwe. Alikimaliza mwaka 1945. Hakikupigwa chapa. Mwisho alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na chapa ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kitabu kilingoja. Lakini kwa kuwa kiliandikwa, hakikupotea.

Si kila mwalimu awezaye kuandika kitabu kama hicho. Lakini kila shule ya mwambao yaweza kuwa na daftari moja. Kila mwanafunzi alete neno moja la chakula au la samaki kutoka kwa bibi yake au kwa mvuvi wa mwaloni, aandike na jina la lugha yake, kitu chenyewe kilivyo, hutengenezwaje, huliwa wakati gani, na kama kingali kikipatikana. Ni vema kuanza na furu, kwa sababu wazee waliowavua kabla ya sangara kuenea wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua.