Gari Linapokataa Kupanda Resi

Gari la Kijapani likifika gereji hapa Ushirombo na taa ya injini inawaka, nalo halipandi resi hata ukikanyaga mafuta mpaka chini, mwenyewe hudhani injini imekwisha. Haijaisha. Gari linatii amri iliyowekwa na mhandisi kiwandani.

Zamani pedeli ya mafuta ilivuta waya, waya ukafungua kilango cha hewa ndani ya throto. Mwishoni mwa miaka ya 1980 BMW ilianza kuuondoa waya huo kwenye gari zake kubwa, na sasa karibu kila gari jipya la petroli hutumia umeme. Pedeli hupeleka taarifa kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kontroli boksi huiamuru mota ndogo izungushe kilango, kisha husoma sensa kujua kimefika wapi. Kikipungukiwa, huongeza umeme, kikizidi, huupunguza. Hayo hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Kinachomsumbua zaidi mhandisi ni msuguano. Kilango kikitulia hunata, na umeme ukizidi kulimbikizwa ili kukisukuma, huchomoka ghafla na kupitiliza. Kikirudishwa, hunata tena na kupitiliza upande wa pili. Ndiyo maana hesabu ya kontroli boksi hutazama mambo matatu kwa pamoja: kosa lililopo sasa, kosa lililojikusanya tangu mwanzo, na kasi ambayo kosa hilo linabadilika. Hesabu hiyo ilipimwa kwa throto safi. Gari linaloshinda kwenye vumbi la njia za machimboni, tena chujio la hewa limechanika, hujenga uchafu ukingoni mwa kilango. Hewa hupungua, na sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, huanza kupanda na kushuka.

Pedeli ina sensa mbili, kilango nacho kina mbili. Za kilango zikipingana, kontroli boksi hukata umeme wa mota, na springi hukiacha kilango wazi kidogo tu, hewa ya kulitosha gari kujikokota hadi kwa fundi. Kwenye lami ya Isaka hadi Lusahunga, inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi, afadhali gari linalojikokota kuliko linalojiongezea mwendo lenyewe.

Kwa hiyo, fundi, usiunganishe waya za sensa mbili ziwe moja ili taa izimike. Utakuwa umelinyang'anya gari ulinzi huo. Usikisukume kilango kwa bisibisi, maana gia zake mara nyingi ni za plastiki. Zima swichi, safisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini, pima kwa mashine, kisha iache kontroli boksi ijifunze upya mahali kilango kinapofungia.