Umempata Buibui Mkubwa? Mpe Shimo na Utulivu

Ipagala inajengwa. Mahali palipokuwa na vichaka, leo panachimbwa misingi ya nyumba. Mara nyingine mchimbaji hutoa ardhini buibui mkubwa mwenye manyoya, mpana kama kiganja cha mtu. Wengi humpiga jembe papo hapo. Vijana wengine humtia katika ndoo wamfuge.

Je, buibui huyu anafugika? Ndiyo. Huko Ulaya na Marekani watu wengi wanafuga buibui wa jamii hii. Huwaita tarantula. Baadhi ya aina wanazofuga asili yake ni Tanzania. Lakini wengi wa wanaoanza kumfuga humuua kwa kumjali mno. Humshika, humfungulia kila saa, humrundikia chakula. Buibui huyu anataka mambo mawili tu: mahali pa kujificha na utulivu.

Kwanza uliza

Buibui ni mnyama wa porini. Kabla ya kumweka nyumbani au shuleni, muulize afisa wanyamapori wa eneo lako. Akija mtu kununua buibui au mijusi, usimkamatie. Mwambie akuonyeshe kibali, kisha toa taarifa. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha biashara ya kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Waliokamata bila kibali walijiingiza katika matatizo makubwa.

Kama huna sababu ya kumfuga, mpeleke kichakani, mbali na nyumba. Huko atajitafutia shimo.

Namna ya kumhamisha

Usimshike kwa mkono. Tarantula wengi wa Marekani hurusha manyoya yanayowasha. Wa Afrika hawana silaha hiyo. Wao huinua miguu ya mbele, huonyesha meno, kisha huuma. Tena wana mbio sana.

Chukua kopo pana, mfunike nalo. Pitisha kipande cha kadibodi chini yake, polepole. Usimwinue juu sana. Tumbo lake ni laini. Akianguka, tumbo hupasuka naye hufa.

Nyumba yake

Tafuta ndoo yenye mfuniko unaobana. Toboa matundu madogo ya hewa kwa msumari wa moto. Jaza udongo mkavu zaidi ya nusu ya ndoo, ushindilie. Chimba shimo dogo pembeni, ufunike kwa gome la mti. Weka maji kidogo katika kifuniko cha chupa. Usiloweshe udongo wote, maana yeye amezoea nchi kavu kama Dodoma yetu.

Weka ndoo kivulini, mahali ambapo watoto hawafiki. Ndoo iliyo juani huwa kama chungu jikoni. Weka buibui mmoja tu kwa ndoo moja. Wakiwa wawili, mmoja atamla mwenzake.

Sasa mwache. Usimpe chakula kwa siku 5 hadi 7. Atachimba na kutanda utando. Ukiuona utando mdomoni mwa shimo, jua amekubali nyumba.

Chakula chake

Buibui huyu hula wadudu hai: panzi, mende na nyenje. Mpe mdudu mmoja kwa wiki. Mdudu asiwe mkubwa kuliko mwili wa buibui. Mtie jioni, kwa sababu buibui huwinda usiku. Asubuhi, kama hakuliwa, mtoe kwa kijiti kirefu.

Wewe mkulima angalia sana jambo hili. Usichukue panzi kutoka shamba lililopigwa dawa. Wala usipulize dawa ya mbu au ya mende chumba alimo. Dawa iuayo mdudu humwua na buibui.

Akikataa kula, usiwe na hofu. Anaweza kukaa majuma mengi bila chakula. Huenda anataka kujivua ngozi. Wakati huo hujilaza chali, miguu juu, na watu hudhani amekufa. Usimguse. Usiache mdudu ndani, maana mwili wake ni laini na mdudu anaweza kumjeruhi. Akishajivua, ngoja siku 10 ndipo umpe chakula.

Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Basi anayeanza kumfuga ajue ameanza kazi ndefu.

Akimuuma mtu

Maumivu ni makali. Misuli huweza kukaza kwa siku kadhaa. Kwa kawaida sumu yake haiui mtu, lakini mtoto huteseka sana. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa chenye maji baridi. Usichanje kwa wembe, usifunge kamba, usinyonye sumu. Mpeleke mgonjwa zahanati upesi.

Faida yake

Buibui huyu hafuati watu. Usiku hukaa mdomoni mwa shimo lake, akingoja mdudu apite. Hula panzi wanaokula mtama wetu, na mende waingiao majumbani. Hatulipishi mshahara. Ukiona shimo lenye utando kando ya shamba, waambie watoto wasichokoe kwa kijiti. Hapo mtoto atapona meno, na buibui atapona jembe.

Zungumzeni darasani:

1. Kwa nini tusimshike buibui huyu kwa mkono?
2. Kwa nini tusimpe panzi wa shamba lililopigwa dawa?
3. Akija mtu kununua wanyama wa porini kijijini kwenu, mtafanya nini?