Wimbo huzaa riwaya, sikio la mwandishi likiwa wazi

Mwalimu wa Fasihi huko Eldoret, kama wenzake kwingineko nchini, hukutana kila mwaka na swali lile lile la mtihani: eleza umuhimu wa nyimbo katika riwaya. Watahiniwa nao hujibu kama walivyokariri, kwamba nyimbo huburudisha, huelimisha na kumwondolea msomaji uchovu.

Majibu hayo si ya uongo, lakini yana kasoro moja kubwa. Yanauchukulia wimbo kuwa ua lililobandikwa juu ya nguo iliyokwisha kushonwa. Kumbe katika riwaya nyingi za Afrika Mashariki, wimbo ndio uzi wenyewe. Ukiuvuta, nguo yote hufumuka.

Ushahidi hauko mbali. Anayeshika barabara kutoka Eldoret, akapita Soy na Moi's Bridge, hufika Kitale baada ya kilomita zipatazo 70. Huko ndiko anakoelekea Kongowea Mswahili, mhusika mkuu wa riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, akimtafuta baba yake. Walibora, aliyefariki dunia Aprili 2020, alikulia katika eneo hilo la Trans Nzoia, mbali kabisa na bahari. Hata hivyo, kisa chake kinaanzia Tanga, na mama wa kijana huyo, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu.

Kwa nini mwimbaji? Mwandishi angeweza kumfanya mama huyo mshonaji au muuza samaki, na bado mtoto angebaki yatima. Lakini mwimbaji ana hali ya pekee. Ukumbini hutunzwa na kushangiliwa, mtaani husengenywa. Watu wengi huzijua nyimbo zake pasipo kuyajua machozi yake. Tena anapokufa, sauti yake haizikwi pamoja naye. Kwa kumpa mama kazi hiyo, Walibora alipata namna ya kumrithisha mtoto maskini kitu kisichoweza kunyang'anywa na jamaa: ulimi. Mama aliimba, mwana akawa hodari wa lugha. Ukiondoa taarabu, urithi huo unakosa chimbuko.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuonja utamu wa maisha ya namna hiyo. Shaaban Robert, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Tanga, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 katika ukoo wa wafinyanzi, akauza vyungu, kisha sauti yake ikamfikisha hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Kitabu hicho ni habari za kweli wala si riwaya, lakini kinaonyesha kwamba maisha ya mwimbaji huja yakiwa na umbo la hadithi tayari: ufukara, safari, sifa na husuda. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya muziki kwa mtunzi. Humpa mhusika.

Kazi ya pili ni kumpa muundo. Mfano mzuri ni riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mutharabainĩ, iliyochapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Ngũgĩ, aliyefariki dunia Mei 2025, aliianza akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, akiiandika kwenye karatasi za msalani. Msimulizi wake si sauti ya mwandishi wa vitabu, bali ni mpigaji wa gĩcaandĩ, kibuyu cha kuchezeshwa kinachoandamana na mashairi ya mafumbo na majibizano. Kwa sababu hiyo riwaya inaenda kwa mwendo wa ngoma hiyo: inauliza, inajibu, inarudia na kumwita msikilizaji aingie kati.

Ndani ya riwaya hiyo yumo pia Gatuĩria, msomi wa chuo kikuu anayehangaika kutunga muziki utakaobeba historia ya nchi nzima kwa ala za wananchi wenyewe. Amesoma ng'ambo, anajua nadharia, lakini muziki haumjii. Inambidi aende Bahati, karibu na Nakuru, kuketi na mzee amsimulie ngano. Hapo Ngũgĩ anaonyesha kwamba njia ni ya kwenda na kurudi: hadithi inamlisha mwanamuziki kama vile muziki unavyomlisha msimulizi. Wazee waliotamba ngano jioni walilijua hilo zamani, ndiyo maana waliweka wimbo penye kona ya kisa, hadhira nzima ikaitikia.

Kazi ya tatu ni ngumu zaidi kuiona, kwa kuwa imejificha ndani ya sentensi. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mwaka 1981 Lubumbashi, jiji la Kongo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mitaani, aliandika kwa Kifaransa riwaya ya Tram 83, iliyotoka mwaka 2014. Kisa kinazunguka kilabu cha usiku katika mji wa migodi. Mazungumzo ya wahusika hukatizwa mara kwa mara na kauli zilezile za wanawake wa kilabuni, kama kibwagizo kinavyorudi baada ya kila ubeti. Sentensi nyingine hurefuka kwa orodha ndefu, kama mpiga saksafoni aliyekataa kupumua. Msomaji hata asiposikia ala yoyote, huhisi mapigo ya jazi katika macho yake.

Kwa hiyo mhusika, muundo na mwendo wa sentensi ni mambo matatu ambayo muziki humpa mtunzi. Lipo la nne, na mfano wake unatoka Bonde la Ufa.

Mwaka 1950, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa mlio wa chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Wajaluo. Waliimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini na gramafoni. Wasichana hawakumjua mtu huyo. Kwa maelezo ya Tracey, walimwazia kuwa nusu mtu, nusu paa, nao wakamwalika acheze ngoma.

Hapo ndipo penye mbegu ya ubunifu. Sauti ilifika bila mwili, na wasikilizaji wakaiumbia mwili. Mtunzi wa riwaya hufanya lilo hilo anaposikia wimbo nyuma ya ukuta wa jirani, akaanza kujiuliza ni nani anayeupiga, amefiwa na nani, na kwa nini anaurudia usiku wa manane.

Na Eldoret haikosi kuta za namna hiyo. Mji huu uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 umejaa watu wa makabila mengi, hasa katika mitaa kama Langas na Huruma. Ni mji ule ule ulioona damu baada ya uchaguzi wa 2007, hata waliokimbilia kanisa la Kiambaa wakachomwa moto humo Januari 1, 2008. Mwandishi anayetaka kusimulia majirani kama hao hawezi kutegemea majina na makabila tu, kwani hayo ndiyo yaliyotumiwa kuwatenga. Lakini gita la Kipchamba arap Tapotuk likisikika nyumba moja na benga nyumba ya pili, msomaji huwatambua watu kwa wanachokipenda kabla ya kuwahesabu kwa ukoo. Riwaya ya Kiswahili imeusikiliza sana mwambao. Inao wasaa wa kusikiliza bara pia, kwa kuwa Kiswahili ndicho wanachokutania majirani hao.

Anayetaka kufanya hivyo yampasa ajue mipaka. Nchini Kenya, haki ya mtunzi wa muziki hulindwa maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kutaja jina la wimbo hakuna tatizo, lakini kunakili maneno yake kitabuni kwahitaji idhini. Nyimbo za jadi nazo zina kinga chini ya sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za kimapokeo za jamii. Njia iliyo salama, na mara nyingi iliyo bora kisanaa, ni mtunzi kumbunia mwimbaji wake nyimbo mpya, baada ya kusikiliza zile za kweli mpaka zikamkaa mwilini.

Muda nao haungoji. Nakala za wasichana wa Kapkatet zilihifadhiwa kwa miongo mingi Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na ni katika miaka ya 2010 tu ndipo juhudi za kuzirejesha kwa wenyewe zilipofanyika. Wazee wanaojua kupiga chepkong hupungua kila mwaka.

Huenda basi walimu wakafaidi kubadilisha swali lao. Badala ya kumtaka mwanafunzi aorodheshe faida za nyimbo, wamuulize hivi: wimbo huu ukiondolewa, kisa kitasimama? Kikisimama, ulikuwa pambo. Kikianguka, mwanafunzi atakuwa amegundua mahali hadithi ilipozaliwa.