Kiwanda Kilikufa, Hati Zikabaki

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha kampuni ya Smart Parts ya Pennsylvania, Marekani, chatukumbusha kwamba hata daftari, likitegemewa peke yake, haliwezi kuinusuru mali.

Kampuni hiyo iliunda bunduki za mchezo wa paintball, ambazo hurusha vidonge vya rangi kwa nguvu ya gesi. Bunduki ya kwanza ya mchezo huo, Nelspot 007, haikukusudiwa michezo hata kidogo. Ilitumiwa kutia alama miti na ng'ombe. Mnamo Juni 27, 1981, wanaume 12 walikutana katika msitu wa Henniker, New Hampshire, wakawindana kwa bunduki hizo huku wakishindania bendera. Aliyeshinda hakufyatua hata kidonge kimoja.

Smart Parts iliasisiwa na ndugu wawili, Bill na Adam Gardner, waliokuwa wachezaji. Walianza kwa kutengeneza mitutu, kisha katikati ya miaka ya 1990 wakaleta Shocker, bunduki iliyotumia umeme. Kidole kilibonyeza swichi tu. Betri na valvu vikamaliza kazi. Mnamo 2005 walitoa Ion kwa bei isiyofika dola 300, wakati ambapo bunduki za umeme za daraja la juu ziliuzwa kwa dola 1,000 hivi. Kijana wa kipato kidogo naye akaweza kushika chombo kilichokuwa cha matajiri.

Mgala muue na haki yake umpe: huo ulikuwa ufundi wa kusifiwa. Lakini ndugu hao walikuwa pia na hataza, yaani hati za kisheria zinazomlinda mvumbuzi, juu ya bunduki za umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwashtaki washindani kadhaa, na baadhi yao wakalazimika kulipa ada ili waendelee kuunda bunduki zao. Sheria iliwaruhusu. Hata hivyo, wachezaji wengi waliona kuwa ujuzi uliochangiwa na mafundi wengi ulikuwa umezungushiwa ua na mtu mmoja. Wakanuna, na wengine wakaapa kutonunua tena bidhaa zao.

Kisha uchumi wa Marekani ukaporomoka mwaka 2008, na fedha za starehe zikaadimika. Mwaka 2010 Smart Parts ilifunga milango. Hataza zake zikaingia mikononi mwa Kee Action Sports, kampuni ya biashara iyo hiyo. Wafanyakazi walirejea makwao; hati zikapata mwenyeji mpya.

Sidai kuwa kesi ndizo zilizokiua kiwanda. Nasema tu kwamba siku ya dhiki ilipobisha hodi, kilikuwa na hati nyingi na marafiki wachache.

Walimu wanaowahimiza wanafunzi wao kubuni vyombo kwa ajili ya maonyesho ya sayansi wana wajibu wa kuwafunza jinsi ya kulinda jasho lao kwa sheria. Lakini wawafunze pia kwamba hati humzuia mshindani tu. Haimlazimishi mnunuzi kukupenda. Yule mshindi wa Henniker aliondoka na bendera zote bila ya kumchafua mtu kwa rangi.